Mshale Usiopanda

Kila asubuhi niliamshwa na feni. Si feni ya chumbani, ni ya gari la baba. Akishatia ufunguo tu, kabla hata injini haijawaka, feni iliyo nyuma ya rejeta inaanza kuvuma mpaka kuku wa jirani wanalalamika. Kisha injini inakohoa, inawaka, na moshi wake unapita chini ya mlango wa jikoni kuja kunisalimia kwenye chai. Nikawa naamka na hasira kabla sijajua hasira yenyewe ni ya nani.

Gari lile ni la Kijapani, la kubebea familia, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Jeupe, la zamani, na kiti cha dereva kimeshashika umbo la baba. Alihama nalo kutoka Temeke alipokuja kuishi nami Madale baada ya mama kufariki. Alikuja na begi la nguo, gari, na kiti kimoja cha meza ya chakula, cha mninga, kisicho na wenzake. Nilimtania kwamba amekiiba hotelini. Hakucheka. Alikiweka kibarazani, na yeye mwenyewe hakukikalia. Anakaa kwenye mkeka pembeni yake. Mgongoni mwa kile kiti vanishi ilikuwa na alama za nyuzi, kama kitambaa kiliganda kabla haijakauka. Nikadhani ni kazi mbovu ya seremala, nikaacha.

Miezi ya mwanzo baba alilala akitazama ukuta. Chakula hataki, msikitini haendi, ukimuuliza hali anajibu "nipo tu." Amekuwa dereva maisha yake yote, kaendesha mabosi wa kila aina, na mtu wa namna hiyo ukimlaza kitandani anaanza kuoza. Asubuhi moja nikachoka kubembeleza. Nikamwekea ufunguo mkononi, nikamwambia mjukuu wake anachelewa shule na mimi nina zamu. Akainuka, akanawa uso, akaenda. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa kumpeleka binti yangu shule kule chini Tegeta na kumrudisha.

Wale wawili wanapendana mpaka wanakera. Baba humwita mjukuu wake "mke wangu," kama babu wa kwetu wanavyofanya, na mtoto humkaripia kama mke kweli: babu umesahau miwani, babu mbona shati limejikunja, babu punguza redio. Nikimsikia baba anacheka kule garini nilikuwa nasamehe moshi wote.

Lakini binti yangu ana pumu. Mwaka ule kifua chake kikaharibika, na kiliharibika kwa namna ya ajabu: si usiku, si akicheza, bali asubuhi akishafika shule. Mwalimu wake alizoea namba yangu. Mama, mtoto kafika anakohoa, tumempulizia dawa yake, amekaa. Daktari wa kliniki akaniuliza kama nyumbani tunapikia mkaa. Nikamwambia tunapikia gesi. Kuna mtu anavuta sigara? Hakuna. Akaniangalia kama anayengoja nikumbuke kitu. Nikakumbuka, na sikukisema, kwa sababu nilijua angesema mtoto asipande tena gari lile, na mimi ndiye ningeenda kumwambia baba arudishe ufunguo na kwenda kulala.

Mume wangu, ambaye kazi yake iko Dodoma na hurudi mwisho wa mwezi, alinipa jibu kwa simu: liuzeni. Ni rahisi sana kuuza gari la mtu ukiwa Dodoma.

Nikaanza na baba kwa upole.

"Baba, gari linatoa moshi."

"Gari gani lisilotoa moshi? Hata wewe ukikaanga samaki unatoa moshi."

"Moshi wake mweusi. Unanuka petroli. Mtoto anakohoa."

"Mke wangu anakohoa vumbi la Madale. Mmekuja kujenga mlimani kwenye vumbi, halafu mnasingizia gari. Njoo, mama, njoo uone." Baba huniita mama akitaka kunishinda. Akanivuta hadi dirishani akanionyesha geji ya joto. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa. "Toka Temeke mpaka huku, jua la saa saba, foleni, huu mshale haujawahi kupanda. Injini imelala kama mtoto aliyeshiba. Gari bovu linakaa hivi?"

Niliutazama ule mshale nikaona ana haki. Nikabaki na moshi wangu.

Mama alikuwa akiniita kiguu na njia. Mimi nikiwa na jambo sikai. Naosha vikombe vilivyokwisha oshwa, nahamisha sufuria, naingia chumbani kufuata kitu na kutoka na kingine. Baba huniambia haraka haraka haina baraka, nami humjibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapo tumemaliza mazungumzo ya siku. Kwa hiyo sikungoja. Nikampeleka mgonjwa, yaani gari, kwa fundi wa njia panda ya kwetu, mwenye gereji ya mabati na matairi ya kukalia.

Fundi yule alifungua boneti, akavuta harufu kama anayeonja mchuzi. "Sista, hii ishu ya plagi."

Tukabadilisha plagi. Kwa siku chache nikajidanganya kuwa moshi umepungua. Haukupungua. Akasema basi ni nozeli, zinamwaga petroli. Nikakimbia dukani. Zikafungwa. Moshi uleule. Akachomeka kifaa chake kwenye gari, akasoma, akaniambia kompyuta yenyewe imetaja sensa ya oksijeni, kile kidude kinachoonja moshi, sasa tubishane na kompyuta? Nikakimbia tena. Kwetu gari hutibiwa hivyo: fundi anataja, wewe unakimbilia dukani, kipya kinafungwa, na cha zamani unakabidhiwa mkononi kama jino lililong'olewa. Nyuma ya mlango wa jikoni nilikuwa na ndoo ya meno. Na nikiri kwamba nilipenda kukimbia kule. Nikikimbia naona jambo linaendelea.

Siku ya mwisho kwake akalala chini ya gari, akatoka akifuta mikono. "Masega yamekufa."

Masega ni kile kifaa kilicho kwenye bomba la ekzosi, chenye vitundu kama vya nyuki, kinachosafisha moshi kabla haujatoka.

"Tuweke mapya?"

"Mapya ya nini, sista? Tunayatoaga kabisa. Gari linakuwa jepesi."

"Na moshi?"

"Moshi utatoka vizuri zaidi."

Nilikuwa karibu kukubali. Kilichoniokoa ni kwamba siku ileile, kazini, alikuja mzee mmoja akataka apewe dawa ya malaria bila kipimo, anajijua mwenyewe. Mimi nafanya kazi maabara ya kituo cha afya. Natoboa watu vidole tangu asubuhi. Nikampa somo langu la kila siku, kwamba homa ina sababu nyingi, na kumeza dawa ya ugonjwa usio nao ni kuuacha ule ulio nao ukue. Nikamshika kidole. Na nikiwa nimemshika nikaiona ile ndoo yangu nyuma ya mlango, nikacheka peke yangu, na yule mzee akafikiri namcheka yeye.

Jioni nikampigia rafiki yangu niliyesoma naye sekondari kule Temeke. Wazazi wake walitoka Moshi, baba yake alikuwa karani, na walitaka awe karani pia. Yeye akaenda kufungua gereji Kipawa. Ana maringo ya kazi yake na hayafichi, na ana mashine ya kupima moshi aliyoinunua mtumba, anayoipenda kuliko shemeji yangu.

"Usibadilishe tena kitu," akaniambia. "Hata balbu. Lete gari Jumamosi. Na mzee uje naye."

"Baba wa nini? Atabishana na wewe mpaka jua lizame."

"Mgonjwa anakuja na mtu anayeishi naye. Mie nitamuuliza nani anakulaje, analalaje?"

Jumamosi nikamwacha binti kwa jirani. Baba aliendesha amekasirika, huku mshale wake umelala na feni inavuma njia nzima. Tulipofika rafiki yangu akamwamkia vizuri, shikamoo baba, akamletea kiti na maji, baba akalainika kidogo. Kisha akachomeka mrija wa mashine kwenye ekzosi, injini ikiunguruma, akakunja uso, akaniita nisome.

Palikuwa na jina ninalolijua. Kaboni monoksaidi. Namba yake ilikuwa juu mno. Watu wengine wakisikia jina lile wanasikia somo la kemia. Mimi najua inavyofanya kwenye damu: inakaa kwenye kiti cha oksijeni na hainyanyuki. Nikakiona kiti cha nyuma cha gari lile na kibegi cha shule juu yake.

"Badilisha," nikasema. "Masega, sensa, chochote. Leo hii."

"Kaa."

"Sikai."

"Basi simama pale ukutani, lakini usinishike mkono."

Akaanza, taratibu, na taratibu yake ilikuwa ikinitafuna. Aliziba mdomo wa ekzosi kwa tambara akasikiliza kama bomba linavuja mahali pengine. Halivuji. Akachukua kipande cha gazeti, akakibana kwenye mlango wa nyuma, akakivuta. Kikatoka bila kushikwa na kitu. "Mpira wa mlango umekufa. Moshi unaingilia hapa, kwa aliyekaa nyuma." Nilikwenda mpaka getini nikarudi. "Tumejua unapoingilia," akasema. "Sasa kwa nini unatengenezwa mwingi hivi?"

Akatoa chujio la hewa: safi. Akafungua plagi, zile mpya zangu. Zilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Akaunganisha kompyuta yake, na kompyuta ikasema lilelile la njia panda.

"Si unaona?" nikadakia. "Sensa mbovu. Na nimeshaibadilisha."

"Haijasema mbovu. Sensa imesema humu ndani petroli ni nyingi kuliko hewa. Sasa mtu akikuletea habari ya msiba unampiga yeye?" Akachomoa mpira mdogo wa hewa ili injini ivute hewa ya ziada, na hapohapo usomaji wa sensa ukageuka. Akaurudisha, ukageuka tena. "Nzima. Inasema kweli. Mwongo yuko mahali pengine."

Akapima msukumo wa petroli, maana alishaapa kuwa kosa liko pale. Halikuwa pale. Akasimama ameshika kiuno, maringo yamempungua. "Nimekwama kidogo," akasema, na akalisema kwa uchungu, kama mtu aliyekatiwa umeme akiwa katikati ya kupiga pasi. Kisha akanituma niingie garini nikanyage mafuta kidogo kidogo, yeye asikilize. Nadhani alitaka tu nitoke miguuni pake.

Nikakaa kwenye umbo la baba. Nikakanyaga, nikaachia. Macho yangu hayakuwa na pa kwenda. Yakaenda kwenye geji. Tumetoka Madale, tumekaa foleni ya Ubungo, tumepita Buguruni na jua la mchana utosini, na hapa gari limewashwa mara kwa mara tangu tufike. Mshale umelala. Nami nikafikiria kipimajoto. Mtu akitembea kutwa juani halafu kipimajoto kikakataa kupanda, sisemi huyu mzima sana. Namtazama upya.

Nikatoa kichwa dirishani. "Hivi injini ikifanya kazi muda wote huu haitakiwi kupata moto?"

"Inatakiwa. Mshale unakaa karibu na katikati."

"Huu haupandi."

"Haupandi leo?"

"Haujawahi kupanda," akajibu baba kutoka kwenye kiti chake, kwa fahari. "Ndio uzuri wake."

Rafiki yangu akamgeukia polepole. Akaja, akatazama geji, akarudi kwenye kompyuta, akajipiga paji la uso. Namba ya joto ilikuwa pale tangu mwanzo. Alikuwa akiiona ndogo na kudhani ni sisi tuliolipoza kwa kuzima na kufungua. Akagusa mpira wa juu wa rejeta kwa mgongo wa mkono. Ulikuwa vuguvugu. Akaiangalia ile feni isiyopumzika.

"Baba," akasema, "shikamoo tena. Nani alitoa themostati?"

Alinieleza huku akifungua. Themostati ni kimlango kidogo kwenye njia ya maji. Kinayazuia maji ndani ya injini mpaka yapate moto, kisha kinafunguka yaende rejeta kupoa. Kikitolewa, maji yanazunguka tangu ufunguo unapowashwa, injini haipati moto, na kompyuta ya gari inaamini kutwa nzima kwamba ndiyo kwanza asubuhi. Inaongeza petroli ili kuipasha. Petroli ya ziada haiungui ikaisha, inatoka kuwa ule moshi. Na mafundi wengi wa mjini kwetu, wakiletewa gari lililochemka, hukitoa na kusema hicho ni cha nchi za baridi, na kuiunga feni moja kwa moja na ufunguo ili isizime. Akafungua kikombe inamokaa themostati. Kilikuwa kitupu. Tulikuwa tunatafuta kilichoharibika, na kumbe kulikuwa na kisichokuwepo.

"Nilitoa mie," baba akasema. Alikuwa amesimama nyuma yetu. "Nchi ya joto hii, ya nini kidude hicho? Nilimwambia fundi, fanya gari hili lisichemke tena. Hata likitaka, lisiweze."

"Lilichemka lini?" nikamuuliza. Sikuwahi kusikia.

Baba akatazama viatu vyake. "Siku ya mama yako."

Habari ya siku ile niliyoijua ilikuwa fupi. Mama alizidiwa nyumbani, baba akamkimbiza hospitali kubwa, gari likasumbua kidogo njiani wakamalizia na bajaji. Mama alilazwa, akakaa wiki, akafariki. Madaktari waliniambia ni moyo, hata angefika mapema asingepona. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa na ndivyo nilivyohifadhi.

"Mie nikiwa na haraka siangaliagi geji," baba akasema. "Yeye ndiye aliniangaliziaga. Miaka yote. Tukitoka tu anakaa pale mbele, macho yake kwenye mshale. Siku ile pumzi hana, lakini akauona. Akaniambia, mume wangu, mshale umepanda, simama. Nikamwambia tutafika. Akaniambia tena, simama. Nikamwambia tutafika, wewe nyamaza upumue. Likazimika Keko, maji yanaruka kama birika. Mafundi seremala pale barabarani wakatukimbilia. Wakamtolea kiti, kimepakwa vanishi asubuhi hiyohiyo haijakauka. Akakaa juani kwenye kiti cha watu, kile nilichokuja kukinunua, na khanga yake ikaganda mgongoni. Akawa ananitazama tu. Hakunisema. Bora angenisema."

Kiti. Nikashika mlango wa gari.

Rafiki yangu alijifanya anachungulia injini, na baadaye kidogo akaita kwa sauti ya chini. Alikuwa ameshika mpira mmoja wa maji ulio mpya kuliko wenzake. "Huu ulipasuka, baba?"

"Ulipasuka. Tukabadilisha kesho yake."

"Basi ndio uliochemsha gari. Themostati haikuwa na kosa."

"Hata kama."

"Tunairudisha, baba. Na feni naiweka kwenye swichi yake, iwe inawaka yenyewe ikihitajika."

"Hairudi," baba akasema. "Irudi, gari lichemke, na mke wangu amekaa nyuma, na kifua chake kile? Hairudi."

Akaanza kwenda kwenye mlango wa dereva. Na mimi nikalisema, kwa sauti, mbele ya watu wa gereji nzima. "Baba, ama kinarudi, ama mtoto hapandi tena gari lako."

Baba alishika kitasa akakiachia. Nilitaka kulirudisha lile neno mdomoni; nilikuwa nimemnyang'anya kwa mkono mmoja kile nilichompa kwa mwingine, na nilijua kesho atalala akitazama ukuta. Lakini nilikuwa nimeisoma ile namba. Nikabaki nimesimama, nalia kwa hasira, na sijui hata ilikuwa hasira ya nani.

"Irudisheni," baba akasema mwishowe. "Lakini hapandi mpaka nimelijaribu mwenyewe."

Ilirudi. Mpira wa mlango wa nyuma ukawekwa mpya, kipande cha gazeti kikachomolewa kikachanika, rafiki yangu akakubali. Gari likaachwa liungurume mpaka lipate moto wake, kisha mrija ukarudi kwenye ekzosi na ile namba ikaanza kushuka, inashuka, mpaka rafiki yangu akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Masega yangu, akasema, yalikuwa mazima muda wote. Nikamshukuru Mungu kwamba nilicheka kazini.

Kurudi Madale tulipita Goba. Nilikaa mbele, kwenye kiti cha mama. Mshale ukanyanyuka. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuona ukifanya hivyo, na nilijua unatakiwa, na bado nikakamata mkanda wangu. Baba alianza kusoma dua chini chini. Ulipofika karibu na katikati ukasimama. Yeye akasimama pia, pembeni ya mlima, akashuka, akafungua boneti. Hakuna kitu. Feni ikawaka yenyewe ghafla, baba akaruka nyuma, kisha ikazima. Tukaondoka. Tulipoanza mlima mwingine akasimama tena, akafungua, akatazama. Magari yalitupita yakituzomea kwa honi, nami siku nyingine ningekuwa nimeshashuka, nimeshasema, nimeshapiga simu kwa watu. Sikushuka. Nilikaa nikamngoja, kila aliposimama, na safari ile hakukuwa na jambo jingine la kumfanyia.

Jumatatu sikuamshwa na kitu. Nilishtuka kwa ule ukimya, nikatoka mbio na khanga moja nikidhani baba ameshindwa kuamka. Gari lilikuwa limewashwa, linanong'ona tu, hewa ya uani inanuka udongo. Binti yangu amekaa nyuma, amefunga mkanda, ameingiza kichwa katikati ya viti viwili. Baba alikuwa akimwonyesha geji kwa kidole.

"Mke wangu, leo nakupa kazi. Huu mshale utapanda mpaka hapa, usiogope, hapa ndipo kwake. Ukivuka hapa, uniambie simama."

"Na wewe utasimama?"

"Nitasimama."

"Hata tukichelewa mstari?"

Baba akashika usukani kwa mikono miwili. "Hata tukichelewa," akasema, na wakaondoka.

Kazini niliiweka simu juu ya meza karibu na darubini. Nilitoboa vidole vya watu huku naitazama. Mwalimu hakupiga. Nikaichukua nione kama ina mtandao. Inao. Sitasema pumu iliisha. Pumu ni pumu, ana dawa yake mpaka leo na msimu wa baridi bado unatusumbua. Lakini asubuhi ile simu haikuita, na nilijifungia stoo kidogo, nikapumua kwa niaba ya watu wote wa nyumbani.

Jioni nilimkuta binti yangu kibarazani anakula embe, amekaa kwenye kile kiti. Nilitaka kumwinua, nikamwona baba pale mkekani anamtazama, nikaacha. Nikauliza kazi yake mpya imekwendaje.

"Nilimwambia babu simama."

"Mshale ulivuka?"

"Haukuvuka. Ulikuwa palepale kwake." Akalamba kidole. "Nilimwambia tu, nione kama atasimama."

"Akasimama?"

"Akasimama hapohapo, mama. Katikati ya barabara, magari yanapiga honi, na babu hataki kuondoka mpaka niseme twende."